Uwakili Ufundishwe Pia Rujewa

Tangu Oktoba 2022 mjadala wa elimu ya sheria nchini umekuwa ukizunguka matokeo ya mtihani mmoja. Wanafunzi 633 wa Shule ya Sheria kwa Vitendo iliyoko Dar es Salaam, anakopita mwenye shahada ya sheria kabla ya kuwa wakili, walifanya mitihani. 26 wakafaulu, 342 wakarudishwa kusapu, yaani kurudia mitihani waliyoshindwa, 265 wakafeli. Nchi ilishtuka, na ilikuwa na haki ya kushtuka. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Dk. Damas Ndumbaro, aliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, mwana wa Kyela aliyefundisha sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kabla ya kuingia kwenye siasa. Huku mitaani lawama ziligawanywa haraka: vyuo vinapitisha vijana wasioiva, Shule inasahihisha kwa ukali uliopitiliza, wanafunzi hawasomi, Kiingereza chao kibovu.

Kila lawama ina ukweli wake. Lakini nikiwa huku Mbeya, ambako vijana wanakuja kutafuta ofisi ya kufanyia fildi, yaani mafunzo ya kazini, kila msimu, naona kuna jambo kubwa kuliko mtihani ambalo halikupewa uzito wake. Kijana huyu anajifunzia wapi kazi yenyewe? Kumsikiliza mteja, kuandika hati, kuhesabu siku za rufaa, kusimama mbele ya hakimu akiwa na shahidi aliyesahau alichokuja kusema: ni nani anayemfundisha, na ni nani anayempima?

Msimamo wangu ni kwamba sehemu kubwa ya mafunzo ya uanasheria kwa vitendo inapaswa kufanyika mikoani, kwenye kanda za Mahakama Kuu kama Mbeya, Iringa na Sumbawanga, chini ya mawakili na mahakimu waliopewa wajibu rasmi wa kufundisha na kutoa alama. Fildi isiwe kipande cha mwisho kinachokamilishwa kwa kugongewa muhuri. Iwe ndiyo stashahada ya Shule yenyewe, na darasa liwe la kuitumikia.

Si wazo geni kwa historia yetu. Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam kilipofunguliwa Oktoba 1961 kilikuwa na wanafunzi 14. Kwa miongo kadhaa baadaye wanasheria walikuwa wachache kiasi kwamba aliyehitimu alipata mkubwa wa kumfuata, awe wakili wa serikali, hakimu au wakili wa kujitegemea, na ujuzi ulihama kutoka mtu hadi mtu. Vyuo vilipoongezeka, utaratibu huo ulielemewa. Kikosi kazi kilichoongozwa na Mark Bomani kiliichambua sekta ya sheria katika miaka ya 1990, sheria ya kuanzisha Shule ikapitishwa mwaka 2007, na mwaka 2008 wanafunzi wa kwanza wakaingia. Lengo lilikuwa sahihi kabisa: shahada humfundisha mtu sheria, na mtu huyo anahitaji mahali pa kujifunza kuitumia kabla hajakabidhiwa uhuru na mali za watu.

Leo mji wa Iringa peke yake una vyuo vikuu viwili vinavyofundisha sheria, Chuo Kikuu cha Iringa na Chuo Kikuu Katoliki cha Ruaha. Mbeya kuna kampasi ya Mzumbe. Kwa hiyo Nyanda za Juu Kusini zinazalisha wahitimu wa sheria, zina Mahakama Kuu, mabaraza ya ardhi, ofisi za waendesha mashtaka, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayoshughulikia migogoro ya kazi, na mawakili wenye miaka mingi kazini. Kisha mhitimu wetu wa Mbeya anapanda basi kwenda zaidi ya kilomita 800 mpaka Barabara ya Sam Nujoma, Dar es Salaam, akafundishwe vitendo.

Mzazi wa Makete au Ludewa anaielewa safari hiyo kwa hesabu. Kuna ada, kodi ya chumba, chakula, nauli za daladala za kila siku, suti nyeusi na viatu vya kuingilia mahakamani. Miaka ya chuo kikuu imekwisha kumlia ng'ombe na miti. Bodi ya Mikopo imeweka utaratibu wa mikopo kwa wanafunzi wa Shule, na hilo ni jambo la kushukuru, ila mkopo ni deni juu ya deni la shahada ya kwanza. Na mlango huu haukwepeki. Anayetaka uwakili anapita hapo, anayetaka uhakimu mkazi anapita hapo. Wapo vijana wazuri waliobaki nyumbani na shahada zao kwa kukosa mwaka mmoja wa gharama za Dar es Salaam. Baadhi yao wanaishia kuandikia watu nyaraka vibarazani, nasi tunawaita vishoka bila kujiuliza walifikaje pale.

Hata hivyo gharama siyo hoja yangu kubwa. Hoja yangu kubwa ni ubora.

Chukua hati ya kiapo, karatasi ambayo wakili mchanga ataiandika pengine wiki yake ya kwanza. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Wathibitishaji wa Umma na Makamishna wa Viapo kinamtaka kamishna ataje mahali na tarehe kiapo kilipochukuliwa. Ni mstari mmoja chini ya ukurasa. Mstari huo ukikosekana, au ukisema Dar es Salaam wakati aliyeapa alikuwa Tukuyu, mpinzani anainuka na pingamizi la awali, na maombi ya mwananchi aliyeuza gunia zake za mpunga kumlipa wakili yanaweza kutupwa kabla neno moja la madai yake halijasikilizwa. Ni kweli Katiba, Ibara ya 107A, inazitaka mahakama zitende haki bila kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi, na marekebisho ya mwaka 2018 yaliingiza kanuni ya kutanguliza haki ya msingi kwenye sheria zetu za mwenendo. Lakini majaji wamesema mara nyingi kwamba kanuni hiyo si kinga ya uzembe. Sasa mwanafunzi anayesoma kifungu cha 8 kwenye daftari atakijibu vizuri kwenye mtihani na kukisahau. Aliyeandaa viapo ishirini, msimamizi wake akavirudisha kumi na peni nyekundu, hasahau tena maishani.

Siku ndizo zinazoua kesi nyingi zaidi. Mfanyakazi wa shamba la chai Mufindi aliyeachishwa kazi ana siku 30 kufikisha mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Anayetaka kukata rufaa Mahakama ya Rufani ana siku 30 kutoka hukumu kuwasilisha notisi ya kusudio. Anayetaka kuishtaki serikali anatakiwa kwanza kutoa notisi ya siku 90. Haya yamo vitabuni, kila mwanafunzi anayajua. Kisichomo vitabuni ni namna mteja anavyofika ofisini kwako siku ya 27, jioni, akiwa na barua moja iliyokunjwa mara nne, akianza simulizi yake kwa marehemu babu yake. Wakili mwenye uzoefu anamkatiza kwa heshima, "Shikamoo mzee, samahani, barua hii ulipewa lini?" Swali hilo moja ndilo linaloiokoa kesi. Huwezi kulifundisha kwenye ukumbi wa watu mia kadhaa. Mwanafunzi anatakiwa awepo chumbani linapoulizwa.

Tena mashauri ya huku yana sura yake. Nenda Rujewa, makao makuu ya Mbarali. Tangu eneo la Usangu liingizwe kwenye Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwaka 2008, bonde lile limekuwa na migogoro ya mipaka inayogusa vijiji, wafugaji, wakulima wa mpunga, maji na uhifadhi kwa pamoja. Jalada moja la Mbarali linaweza kumlazimisha kijana asome Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, sheria za hifadhi, sheria ya maji na taratibu za kuishtaki serikali, halafu akae chini ya mti na mwenyekiti wa kijiji amwoneshe mpaka ulipo kwa kidole. Sijui darasa gani lingempa somo la namna hiyo.

Au nenda Mafinga na Njombe, kwenye mashamba ya miti. Watu wananunua na kuuza mashamba ya misonobari kwa karatasi ya kuandikwa kwa mkono, mashahidi wawili na muhuri wa mwenyekiti wa kitongoji. Miaka kumi baadaye miti imekomaa, bei imepanda, watoto wa muuzaji wanaibuka. Hapo ndipo inapoonekana kwamba ardhi ni ya kijiji na uuzaji haukuidhinishwa na halmashauri ya kijiji kama sheria inavyotaka. Mwanasheria kijana anayejifunza kuandaa mikataba ya mauziano angepata hapa kazi ya kutosha, na kazi yenye faida maradufu: angezuia kesi ya mwaka 2035 kwa kuandika mkataba sahihi leo. Mikataba ya parachichi Rungwe na Njombe inaelekea njia hiyo hiyo, mkulima anasaini kurasa kadhaa za Kiingereza na kampuni ya kununua matunda bila kujua kipengele cha viwango kinasemaje. Tunduma kuna biashara ya mpakani, malori, forodha, bima ya mizigo. Chunya kuna dhahabu na leseni za wachimbaji wadogo. Mirathi ipo kila wilaya, na kila mara swali la kwanza ni lile lile: sheria gani inatumika hapa, ya kimila au ya serikali?

Wanaopinga wana jibu, nami naliheshimu. Wanasema Dar es Salaam ndiko kuna kampuni kubwa za uwakili, Mahakama Kuu Divisheni ya Biashara, benki, wawekezaji, kesi kubwa za nchi. Kijana akifungiwa mkoani atakuwa wakili wa mbuzi na mipaka. Hoja ya pili ni walimu: mikoani mawakili ni wachache, wana kazi nyingi, na ubora wao haulingani.

Kuhusu kesi kubwa, nawakumbusha mwaka 2023. Shauri la kikatiba kuhusu makubaliano ya bandari kati ya Tanzania na Dubai lilisikilizwa na Mahakama Kuu Kanda ya Mbeya, mbele ya majaji watatu, na uamuzi ukatolewa hapa tarehe 10 Agosti. Waleta maombi walishindwa. Bila kujali ulikuwa upande gani, hayo yalikuwa mafunzo ya sheria ya katiba na ya mikataba ya kimataifa ambayo mwanafunzi yeyote angetamani kuyahudhuria kwa miguu yake. Mmoja wa mawakili waliosimama pale, Boniface Mwabukusi, mwaka uliofuata alichaguliwa kuwa Rais wa Chama cha Wanasheria Tanganyika. Kuhusu mbuzi na mipaka, sikubali kabisa dharau iliyomo kwenye maneno hayo. Mpaka wa shamba ni uhai wa familia. Na wakili anayeweza kumhoji shahidi wa kijijini kwa ustadi, shahidi asiyejibu moja kwa moja, ana uwezo wa kumhoji mkurugenzi wa benki.

Hoja ya walimu ndiyo nzito, na hapo ndipo fildi ya sasa inapochechemea. Tuseme ukweli unaojulikana kwenye korido za mahakama. Wapo wasimamizi wanaojitoa kwa moyo, wanaowakalisha vijana jioni na kuwapitisha kwenye majalada. Lakini wapo pia wanafunzi wanaomaliza fildi wakiwa mabingwa wa kutoa kopi, kubeba mafaili na kwenda kuulizia tarehe kwa karani. Mwisho wa muda fomu inajazwa kwamba mwanafunzi ni mwenye nidhamu na bidii, muhuri unagongwa, basi. Msimamizi hakulipwa kitu, hakufundishwa namna ya kufundisha, hakuulizwa na mtu. Kwa nini tutegemee zaidi?

Kwa hiyo kuhamishia mafunzo mikoani bila kuwapa uzito wasimamizi kungekuwa kuhamisha udhaifu tu. Wakili anayepokea wanafunzi aidhinishwe, awe na miaka ya kutosha kazini na rekodi safi ya nidhamu, asipewe wengi kuliko anaoweza kuwaangalia. Apewe semina. Saa zake za usimamizi zihesabiwe kwenye mafunzo endelevu ambayo mawakili wanatakiwa kuyapata kila mwaka. Nina hakika zina faida kubwa kuliko baadhi ya semina za hotelini tunazohudhuria ili kukusanya pointi. Mwanafunzi awe na kitabu cha kazi kinachoonesha alichofanya kwa mikono yake: hati za madai alizoandika, mahojiano na wateja aliyohudhuria, mashahidi aliowaandaa, maombi aliyowasilisha kwenye mfumo wa kielektroniki wa Mahakama. Na aulizwe juu ya kitabu hicho ana kwa ana, na jopo lenye hakimu au naibu msajili wa kanda, wakili na mwalimu wa Shule. Dakika arobaini za maswali kuhusu majalada aliyoyashika zitaonesha mengi ambayo karatasi ya saa tatu haioneshi.

Wenzetu hawakusubiri. Uganda wana Kituo cha Maendeleo ya Sheria, LDC, ambacho kwa miongo kilikuwa Kampala tu; sasa kina kampasi Mbarara na Lira. Nigeria shule yao ya sheria ina kampasi katika miji kadhaa, kutoka Lagos hadi Kano, Enugu na Yola. Uingereza, ambako tulichukua mengi ya utaratibu wetu, tangu 2021 wanaotaka kuwa mawakili wa ofisini wanafanya mtihani mmoja wa taifa lakini lazima waonyeshe miaka miwili ya kazi halisi, hata kama wameipata sehemu mbalimbali. Mtihani mmoja, mahali pengi pa kujifunzia: ndivyo ninavyotaka na kwetu. Viwango vibaki mikononi mwa Shule na Baraza la Elimu ya Sheria. Sipendekezi uwakili wa Iringa na uwakili wa Dar es Salaam.

Lugha nayo inaingia hapa. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama, na Mahakama za Mwanzo zimekuwa zikikitumia muda wote. Marekebisho ya kipindi hicho pia yaliwafungulia mawakili mlango wa Mahakama za Mwanzo zinazoongozwa na mahakimu wakazi. Mwaka huo huo mabaraza ya kata yaliondolewa mamlaka ya kuamua migogoro ya ardhi, yakabaki na usuluhishi. Maana yake kazi ya wakili imeshuka karibu zaidi na wananchi, na inafanyika kwa Kiswahili. Mwanafunzi anayefanyia fildi Vwawa au Makambako atasikia ushahidi kwa Kiswahili siku nzima, akirudi ofisini aandike hoja zake. Afundishwe kuziandika vizuri kwa lugha zote mbili. Baada ya matokeo ya 2022 tulilalamika sana kuhusu Kiingereza cha vijana. Sijasikia malalamiko ya namna hiyo kuhusu Kiswahili chao cha kisheria, ingawa nikisoma baadhi ya hati zinazoletwa nadhani tungeanzia hapo hapo.

Neno moja kuhusu shahada ya uzamili, kwa kuwa wazazi wengi wananiuliza. Kijana aliyekosa nafasi au ada ya Shule ya Sheria huamua kuunganisha na uzamili wa sheria akidhani anapanda ngazi ile ile. Ngazi ni mbili. Uzamili unamfaa anayetaka kufundisha, kufanya utafiti, au kubobea kwenye eneo kama kodi, madini au mazingira, na eneo hili lenye Ruaha na Chunya linawahitaji sana watu hao. Lakini haumruhusu mtu kusimama mahakamani kwa niaba ya mteja. Ningemshauri afanye kazi kwanza, ajue ni eneo gani linamvuta, kisha arudi chuoni na maswali yake mwenyewe. Tasnifu ya mtu aliyeshughulikia kesi kumi za maji ya Mto Ruaha Mkuu itakuwa na uzito kuliko ya aliyechagua mada kwa sababu msimamizi aliipendekeza.

Pa kuanzia ni Iringa. Mji una vyuo viwili vya sheria vyenye maktaba na kumbi, una kanda ya Mahakama Kuu, una mawakili wanaoweza kufikiana kwa mguu, na Mafinga na Njombe haziko mbali kwa mashauri ya wilayani. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imekwisha kuwatambua wasaidizi wa kisheria, kwa hiyo wanafunzi wangeweza kukaa nao vijijini siku za mnada, wakisikiliza watu chini ya uangalizi wa wakili aliyesajiliwa. Nakala za hukumu ziko wazi kwenye mtandao wa TanzLII, hakuna anayehitaji kusafiri kuzifuata. Shule ya Sheria ichukue kundi dogo la waliomaliza masomo ya darasani, iwakabidhi kwa wasimamizi walioidhinishwa, iwaache wafanye kazi kwa miezi kadhaa, kisha iwapime kwa mtihani ule ule wanaofanya wenzao na kwa jopo la ana kwa ana. Matokeo ya makundi yote mawili yachapishwe pamoja, kila mzazi na kila mbunge ayasome.